Kwangu Inafunguka

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mkono wa kushoto ukitoka geti la chuo. Ukipapasa ubavuni, matundu ya bawaba bado yapo. Mvua ilikuwa imekatika tangu adhuhuri lakini mawingu hayakwenda popote, na maji machafu yalikuwa yamejaa mtaroni pale miguuni. Wanaokaa hapo ni wale wale: Kinyozi, ambaye siku za mvua hapati kichwa, Redio, fundi wa simu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki, na Birika, mwenye jiko na kahawa, mtu wa maneno machache. Wa nne ni Fundi Waya, mwangalizi wa mtandao wa chuo. Siku hiyo alitoka kazini kabla ya wakati, akakaa pembeni kabisa, kikombe kakishika kwa mikono miwili na hanywi. Habari walikuwa nayo wote. Binti wa yule mama anayefagia maktaba ya chuo amepoteza nafasi ya kusomea uuguzi. Alichaguliwa vizuri tu. Kilichobaki ni kuingia kwenye tovuti ya udahili, kupandisha vyeti na kuthibitisha kabla ya jana saa sita mchana. Siku tatu alikaa kwenye kompyuta ya maktaba, na siku tatu ukurasa ukakataa kufunguka.

— Mimi nawaambia wameufunga makusudi, Redio alianza. Siku za mwisho wanafunga, nafasi zinabaki, wanagawiana watoto wao.

— Na hao mia tatu walioingia, wameingiaje? Kinyozi akamuuliza.

— Hao ndio watoto wao!

— Mia tatu? Wanazaa saa ngapi watu hao? Hapana bwana. Ni bati. Tangu waezeke maktaba kwa lile bati jipya, mtandao ukifika pale unadunda, unarudi ulikotoka. Hata redio yangu ya saluni nikiipitisha karibu na pale inakoroma.

— Redio yako ina betri za mwaka juzi.

— Betri ni nzima. Zimechoka tu, kama mimi.

Hakuna aliyecheka sana. Birika alikoroga makaa. Fundi Waya alitazama maji ya mtaroni.

— Basi niwape ya ndani, Redio akaendelea, akijivuta mbele. Hizi kompyuta zina jicho, hapo juu ya kioo. Zinakutazama. Ikiona umekaa hapo na mama mwenye ndoo na fagio, inajua huyu hana wa kumsemea. Inakwambia subiri. Subiri siku ya kwanza, subiri siku ya pili.

— Kompyuta haina dharau, Birika alisema bila kugeuka. Dharau ni ya watu.

Fundi Waya akaweka kikombe chini.

— Au kuna mkono wa mtu, Kinyozi akashusha sauti. Yule shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Wa kwake si alifeli? Mtu anayeweza kufunga tumbo la mwenzake, atashindwa na ukurasa?

— Jamani, mwacheni shangazi wa watu, Fundi Waya akasema. Mtamtia dhambini bure. Mkono ni wangu.

Wakamgeukia wote watatu. Alikuwa amelibeba neno hilo tangu asubuhi. Ni mtu wa ibada, asiyekosa mahali pake pa kusalia, na alikuwa ameshalipeleka kwa Mungu mara mbili siku hiyo. Mara zote mbili aliona Mungu analijua tayari. Wasiolijua ni watu.

— Mkono wako vipi? Redio akauliza.

— Mkuu wa chuo aliniagiza nifunge tovuti za kamari na za sinema na za mpira, wanafunzi wasishinde humo. Nikazifungia kwenye faiawoli.

— Hebu sema kama unamwambia mama yangu.

— Ni kisanduku, kipo kabatini ofisini kwangu. Mtandao wote wa chuo unapita humo. Sasa, kompyuta haijui tovuti iko wapi, inajua jina tu. Kwa hiyo inakiuliza kisanduku: fulani anakaa namba ngapi? Kinaitajia namba, inakwenda. Ukitaka kufunga, unakiagiza: wakimuulizia fulani, wape sifuri tupu.

— Yaani kinadanganya.

— Kinadanganya. Tena hakisemi kwamba pamefungwa. Ukurasa unakuambia tu haupatikani, nawe unadhani ni wenyewe wamelala.

— Binti wa watu na kamari wapi na wapi? Kinyozi akauliza.

— Kuna orodha, unaweka alama. Kamari, alama. Sinema, alama. Mpira, alama. Chini kabisa palikuwa na moja imeandikwa tovuti changa zisizojulikana. Nayo nikaitia alama, sikuisoma hata mara mbili. Nilikuwa nataka kumaliza. Kumbe hawa wa udahili wamehamia tovuti mpya mwezi huu huu.

— Basi kosa ni lao! Redio akapiga goti. Nani anahama nyumba siku ya wageni?

— Ngoja, sijafika. Siku ya kwanza tu ningeweza kuligundua. Mama yake alikuja ofisini, ndoo mkononi, akaniambia fundi, ukurasa unakataa. Nikajaribu kwenye mashine yangu, ukafunguka pale pale. Nikamwambia, mama, kwangu inafunguka, mwambie binti aangalie anavyoandika. Akashukuru, akaenda. Siku ya pili akarudi, nikamjibu hivyo hivyo. Ya tatu nadhani aliona haya kunisumbua, akamtuma mtoto mwenyewe. Nikamwambia kwangu inafunguka. Siku hiyo nilisema kwa ukali.

— Na kwa nini kwako ikubali?

— Kwa sababu mashine yangu haikiulizi kisanduku. Niliipa njia yake, inauliza majina nje moja kwa moja. Chuo kizima ni hiyo moja. Na hiyo ndiyo niliyopimia.

Kwa nini aliipa njia yake, hakusema. Aliwafungia wenzake mpira, akajiachia mpira. Saa za mechi, mlango wake ukigongwa, anageuza kioo kielekee ukutani, anajikohoza, ndipo anasema karibu. Hilo hata katika sala alilipitia juu juu.

— Leo asubuhi, akaendelea, nimekwenda kukaa kwenye kiti cha maktaba, pale pale anapokaa yule binti. Nikaliulizia jina la tovuti. Sifuri tupu. Nikabaki nikizitazama. Nikarudi nikaiondoa alama, bado inakataa, maana mashine ilikuwa imelishika jibu la zamani. Nikaisahaulisha. Ndipo ukurasa ukafunguka, mzuri, una picha ya wauguzi. Umeandikwa: usajili umefungwa.

Kahawa ilichemka, Birika akaiinua isimwagike.

— Ndugu yangu, Kinyozi akasema, usijitese. Pengine hata angeingia, vyeti vyake vingegoma.

— Pengine.

— Pengine angepangiwa mbali, Redio akadakia, akaugulia huko. Au gari. Watu wanakwenda masomoni wanarudi ndani ya sanduku, hatusikii? Huwezi jua Mungu kamkinga na nini kwa mkono wako huo huo.

— Kwa hiyo alama ile niliwekewa, siyo?

— Inawezekana! Wewe umekuwa chombo tu.

Tuseme kweli, maneno yale yalimpita kooni matamu. Kwa muda mfupi Fundi Waya aliyaacha yashuke. Alijiona chombo, hana lawama, anarudi nyumbani anakula na kulala. Kisha akatikisa kichwa.

— Usimsingizie Mungu, Redio. Yeye hakuwa na haraka. Mimi ndiye niliyekuwa nayo.

— Shikamooni.

Hawakuwa wamemsikia akifika. Alikuwa binti wa kama miaka kumi na tisa, mrefu, amevaa ovaroli ya kazi ya mama yake, mikono ameikunja mara mbili, na chupa ya chai kifuani. Macho yake yalionyesha amelia, lakini si leo.

— Marahaba, mwanangu, Birika akaipokea chupa. Mama hajambo?

— Presha imempanda tangu jana. Nimemshikia zamu. Amesema nimpelekee kahawa kidogo, ingawa hospitali wamemkataza.

Fundi Waya alisimama.

— Mwanangu, ule ukurasa niliufunga mimi. Kwa uzembe, si kwa nia mbaya. Nimewapigia simu wale wa udahili leo mara nne, nimewaambia kosa ni letu. Wanasema mpaka mwakani, na kuchaguliwa ni kuomba upya. Nisamehe. Nitamwendea na mama yako.

Ukimtazama binti ungedhani anapiga hesabu ya mtihani.

— Lakini siku ile nilipokuja ofisini, akasema, kwako ulikuwa unafunguka.

— Ulikuwa unafunguka.

— Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na vyeti vyangu vyote kwenye bahasha.

— Ndiyo.

— Sasa anko, mbona hukuniambia niingie tu, nikae hapo kwako nijaze?

Aliuliza bila hasira yoyote, kama mtu aliyepotea njia anavyouliza geti liko wapi. Fundi Waya alijua kwa nini. Aliliona jibu, lilikuwa na nyasi za kijani na watu ishirini na wawili wanakimbia, na dakika zinahesabika pembeni mwa kioo. Akainama, akakiokota kikombe chake.

Birika alijaza chupa, akafunga kifuniko, akaifuta. Binti aliipokea, akamtazama Fundi Waya mara moja tena. Kisha akawaaga wote kwa adabu, akavuka mtaro, akarudi kwenye zamu.