Ndugu Gaudensi Ndunguru, Golikipa Aliyeishitaki Timu kwa Kipaza Sauti

Tarehe 30 Juni 1985, Ndugu Gaudensi Ndunguru anakabidhi funguo za gari la matangazo baada ya kuitumikia ofisi yetu ya habari hapa Mtwara kwa miaka ishirini na saba. Alianza mwaka 1958 akiwa utingo wa lori, akitokea Mbinga na sanduku moja la bati. Kilichompandisha cheo ni sauti yake mwenyewe. Siku moja kipaza sauti kiliharibika sokoni katikati ya tangazo, naye akalimalizia kwa mdomo mtupu, na wauza samaki wa upande wa pili wakasema leo ndiyo wamesikia vizuri. Mwezi uliofuata akawa dereva mtangazaji.

Mwaka 1975 alipita vijiji vyote hadi Kilambo kutangaza kwamba wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma wamepata uhuru. Kwa vyoo, chanjo na maji ya kuchemsha, hakuna aliyewahi kuhimiza watu kama yeye.

Lakini wasifu huu hauwezi kuliruka jambo la mwaka 1972. Mwenyewe ameniruhusu nilieleze, kwa sharti kwamba nisimpendelee.

Wakati huo Ndugu Gaudensi alikuwa na miaka arobaini na mbili, na bado alikuwa golikipa wa timu yetu ya wafanyakazi, Pweza. Jumamosi moja tulicheza na timu ya Mikindani. Zikiwa zimebaki dakika tano, hakuna bao, Mama Anna, mama mzazi wa mkewe Rozalia, akashuka kwenye lori kutoka Mbinga na kuletwa moja kwa moja uwanjani, akasimama nyuma ya goli na kuku wake wawili. Ndugu Gaudensi alilelewa kwamba mtu hampi mkwe mgongo. Akageuka, akavua kofia, akachuchumaa na kumwamkia. Walikuwa wamefika kwenye habari za kahawa mpira ulipompita.

Alhamisi iliyofuata, kocha wetu, Mwalimu Salumu Nangumbi, alibandika orodha ya wachezaji. Golini alikuwepo Ismaili, kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka karakana. Jina la Ndugu Gaudensi halikuwepo hata kwenye akiba.

Hakumwendea kocha. Alipanda gari. Siku hiyo alikuwa ametumwa kuhimiza usafi, na kuanzia Shangani hadi Mikindani, kisha kurudi kupitia Naliendele, wananchi walisikia hivi: "Ndugu wananchi, chimbeni vyoo. Chemsheni maji ya kunywa. Na Jumamosi msisumbuke kwenda uwanjani, maana Pweza imemwacha golikipa wake kwa kosa la kuwa na adabu, ikamweka Ismaili wa karakana, ambaye mikono yake haishiki hata sabuni. Narudia: chimbeni vyoo."

Aliyarudia maneno hayo mara kumi na moja. Tunajua idadi kwa sababu wananchi wengi walikuja ofisini kesho yake kutoa ushahidi, na wengine walitaka tu kusikia tena.

Jumatatu Kamati ya Wafanyakazi ikakutana. Ndugu Gaudensi alikabiliwa na shitaka la kutumia gari la umma kwa ugomvi binafsi, na neno kufukuzwa kazi lilikuwa limeshatajwa kwenye barua. Nilikuwa mpiga chapa, nikaandika kumbukumbu, kwa hiyo ninayoyasema nimeyasikia.

Aliingia na kijitabu cha Mwongozo wa TANU mkononi. Akauliza kama kocha ni kiongozi au si kiongozi. Mwenyekiti akakubali kwamba ni kiongozi wa namna fulani. "Basi," akasema, "mfanyakazi ana haki ya kumkosoa kiongozi mbele ya watu. Nimemkosoa mbele ya watu."

"Mbele ya watu wa wilaya nzima, Ndugu Gaudensi," akajibu Mwalimu Salumu. "Mimi nilikuwa ofisini kwangu tangu asubuhi. Mlango ulikuwa wazi."

Kikao kikagawanyika. Waliooa walisema kocha hajui uzito wa mkwe. Wasiooa walisema goli ni goli. Mhasibu mmoja akashauri kanuni ibadilishwe, refa apulize filimbi mkwe anapoingia uwanjani, na hoja hiyo ikaungwa mkono na watu wanne kabla mwenyekiti hajaifuta.

Ndipo Ismaili akaomba kusema. Alikuwa amekaa karibu na mlango na nguo za karakana.

"Kaka Gaudensi, mimi sikugombea goli nawe. Nilipangwa. Lakini jana nilikwenda Mikindani kwa wazee wa Mwanakombo, mchumba wangu. Baba yake amesikia kwenye gari la serikali kwamba mikono yangu haishiki. Ananiuliza nitamshikaje binti yake. Posa imesimamishwa."

Wawili waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Ndugu Gaudensi alikifunga kijitabu.

"Wakwe," akasema. "Nimekuharibia kwa wakwe." Kisha akasema kamati imfukuze ikitaka, ila kwanza impe gari kwa siku moja.

Walimpa. Nilikwenda naye, kwa kuwa kamati ilitaka shahidi. Alipita njia ileile, akisema mara kumi na moja kwamba aliyasema maneno yale kwa hasira, kwamba bao la Mikindani lilikuwa lake, na kwamba mikono ya Ismaili ni mizuri. Nje ya nyumba ya baba yake Mwanakombo alizima injini, akaacha kipaza sauti garini, akaingia kwa miguu. Walikaa ndani kwa muda wa saa mbili. Alitoka na kanga ya kumpelekea Mama Anna, na posa ikaendelea.

Kamati ilimkata mshahara wa wiki moja na kupitisha azimio ambalo Pweza inalifuata hadi leo: mchezaji aliyeachwa aikosoe timu atakavyo, kwa maneno makali atakayo, ndani ya kikao cha timu, bila kipaza sauti. Ndugu Gaudensi alikaa akiba misimu miwili bila kunung'unika, akiwa ametandika gunia la kukalia pembeni ya goli, na yeye ndiye aliyemfundisha Ismaili kutoka kwenda kukutana na mpira wa kona.

Wiki iliyopita nilimuuliza kama mchezaji aliyeachwa aseme hadharani. "Aseme," akanijibu, "lakini kesho yake. Siku ya kwanza mtu anayakumbuka makosa ya kocha tu."

Ndugu Gaudensi, wewe na Mama Rozalia mnabaki nasi, kwenye shamba lenu la mikorosho pale Naliendele. Ofisi inakushukuru kwa kila ulichotutangazia, na hata kwa lile la Alhamisi. Afya njema, majirani wema, na wageni waje kukuona mara kwa mara. Pumzika vizuri, ndugu yetu.