Kurasa Mbili za Mwalimu Étienne

Benchi yetu ya mtaa wa Nyakasanza ina miguu mitatu na tofali moja, lakini imehukumu vitabu vingi kuliko watu wenye diploma. Vitabu ni vichache mjini, kwa hiyo kimoja huzunguka, kila mtu na wiki yake. Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya lazima, majembe yakiwa yameegemea ukuta wa fundi cherehani, tunakijadili kwa kahawa ya Mama Kavira. Mwaka ule wa 1981 kitabu chenyewe kilikuwa daftari. Mwalimu Étienne (kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina lingine, kama sisi sote tangu majina ya Kizungu yakatazwe) alikufa kabla ya Pasaka bila ndugu tuliyemjua. Tukamzika sisi, na daftari lake likabaki kwetu. Ndani yake kuna kijana anayekimbia vita vya sitini na nne. Anaukuta mto Shari umejaa. Anambeba mama yake mgongoni, na dada yake mdogo anamwacha ukingoni akimwambia: "Ngoja hapa, narudi." Hapo ndipo hadithi inapoishia, au tuseme, hapo ndipo tulipoikatia.

— Iko roman ile, hadithi ya kutunga tu, akasema Isidore, mpiga taipu wa parokia, tuliyemwita Diksionere, yaani kamusi. Étienne hakukuwa na dada. Miaka kumi na mbili kwa hii benchi, ulimusikia anasema "dada yangu"?

— Na weye, ulimusikia anasema nini? akajibu Nicolas bila kuinua macho kwenye nguo. Huyo ndiye fundi. Tulimwita Nusu-Kikombe kwa sababu hamalizi kahawa wala mabishano. Mutu mwenye kunyamaza sana iko na kitu, akaendelea. Miye nilisoma pale kwa muto mara ine. Mara ya ine nikashindwa kushona. Ile ni maisha yake.

— Kama ni maisha yake, juu ya nini anaandika "yeye"? Angeandika "miye".

— Aliona haya, bwana.

— Mwenda pole hajikwai, akaingilia Mama Kavira, birika mkononi.

— Mama, ule alikuwa anakimbia!

— Basi, njo maana alijikwaa.

Isidore akaweka kikombe chini.

— Sikilizeni. Ule dada haiko mutu. Ni utoto wake. Kila mutu aliacha utoto wake ngambo ya muto.

— Hapana. Ule dada ni Étienne mwenyewe, akasema Nicolas. Yeye njo alibaki kule. Siye tulizika kivuli tu.

Mimi nami nikatia langu: dada ni nchi nzima, inaambiwa ngoja tangu uhuru. Wote wakageuka kutazama nani anapita njiani.

— Sema polepole, Isidore akanong'ona. Lakini ule mwisho! "Ngoja hapa." Kisha kimya. Njo maana nilisema tutoshe, tukate yale makaratasi mbili ya nyuma.

Kurasa zile zilikuwa za Kialur, lugha ya watu wa Mahagi, na hakuna hata mmoja wetu anayekijua. Isidore alisema lazima ni sala, na sala huharibu mwisho wa hadithi. Tulikubali wote, Jumamosi iliyotangulia. Mama Kavira akazichukua, akazikata, akafungia karanga zake za kuuza.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi, kikapu miguuni. Alishuka kwenye gari la samaki kutoka Mahagi, tukadhani anapumzika. Kahawa ilikuwa imepoa mkononi mwake.

— Samahani, wapapa. Ule mutoto wa ukingoni, alivaa nini?

Isidore akafunua daftari.

— Kitenge ya mama yake. Ya manjano.

— Iko na tundu ya moto hapa, akasema yule mwanamke, akagusa bega lake.

Tundu la moto lilikuwa limeandikwa. Nicolas akaiacha sindano ndani ya nguo.

— Miye Godelive. Nilingoja siku tatu. Watu wenye kukimbilia Mahagi njo walinibeba. Sasa muchuuzi wa samaki aliniambia mwalimu mumoja wa kwetu alikufa huku. Sikukuja kulia. Nilikuja kujua kama alirudi kunitafuta.

Isidore alipekua daftari toka mbele mpaka nyuma, kisha toka nyuma mpaka mbele.

— Haijaandikwa, mama.

— Hakuandika kitu mu Kialur? Yeye njo alinifundisha kusoma, ku katekisimo. Alijua wakati ule sikujua luga ingine. Kama alikuwa na neno yangu, angeiandika mu Kialur.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Diksionere, mwenye neno kwa kila jambo, akalifunga daftari. Mama Kavira ndiye aliyesema, machozi yakimtoka.

— Nilifungia karanga, mwanangu.

Godelive hakupiga kelele. Alipiga magoti mbele ya sinia la Mama Kavira, akafungua pakiti moja moja na kuzinyoosha karatasi gotini: gazeti, gazeti, hesabu za watoto wa shule, gazeti. Alipomaliza alitutazama.

— Wale walinunua zingine, ni nani?

Wiki ile Nyakasanza nzima ilikula karanga zile. Mimi mwenyewe nilinunua pakiti mbili, nikafutia mikono karatasi, nikazitupa.