Ziwa Nililolishuhudia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nisaidieni kuitikia. Mnanijua. Mimi ni Mama Tumaini, nauza vitenge dukani kwa Mama Nalini, pale Kariakoo. Na hii siyo mara yangu ya kwanza kushika kipaza sauti hiki.

Wengi mnakumbuka. Kansa ilinishika, nikakatwa ziwa la kushoto, nikapigwa mionzi mpaka ngozi ikawa nyeusi kama chungu. Nilikuwa naoga nimefumba macho. Mume wangu hakunisema kwa lolote, ila alianza kulala ameelekea ukutani, na hilo liliniuma kuliko kisu.

Miaka hii ya ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa, Mama Nalini anakwenda Bombay kwao kufuata mzigo. Akanionea huruma, akaniambia, "Mama Tumaini, shemeji yangu kule ni daktari. Twende, atakutengeneza." Nikaenda. Wakaniwekea kifuko cha silikoni chini ya ngozi. Daktari alinionya kabisa: wapo wanaokaa nacho vizuri miaka mingi, lakini ngozi iliyopigwa mionzi huweza kukikataa. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia.

Nikarudi nimevaa gauni la kubana! Nikasimama hapa hapa nikasema, "Bwana amenirudishia!" Akina mama mkapiga vigelegele, mkaniimbia. Ee Mungu wangu, furaha ile!

Ndugu zangu, haukupita muda mrefu ziwa lile likaanza kukaza. Likawa gumu kama embe bichi, likapanda mpaka karibu na kwapa. Kisha wekundu, kisha homa, kisha usaha kwenye kovu. Na mimi nimeshashuhudia! Ningesemaje? Kwamba Bwana alinipa kisha akaninyang'anya? Niliogopa watu watasema imani yangu haba, au watamcheka Mungu wangu. Nikajifunga kanga kifuani, nikajipaka manukato, nikaja kwaya. Mlinikumbatia, nami nikauma meno. Nilikuwa nakufa taratibu, nalinda ushuhuda.

Siku moja nashusha jora la kitenge kwa ajili ya mteja, nikaanguka. Mama Nalini akanifungua kanga, akaona. Mama yule si wa dini yetu, lakini alilia, tena akanifokea: "Mungu wako gani huyo, anataka uoze ili asifiwe?"

Nikaomba pale pale sakafuni, katikati ya vitenge, na maombi yenyewe yalikuwa neno moja tu: nimechoka. Siku hiyo hiyo Mama Nalini akanipeleka hospitali, kifuko kikatolewa. Waliniambia ningechelewa kidogo tu, ugonjwa ungeingia kwenye damu.

Najua mnapenda ushuhuda uishie kwa shangwe. Wa kwangu hauishii hivyo. Kifua kimebaki na shimo. Mkono huu siwezi kuunyanyua sawasawa. Mume wangu bado analala ameelekea ukutani. Ziko asubuhi nalia nikivaa. Lakini niko hai, na hakuna kitu ninachowaficha. Kifungo kile cha kuficha ndicho nilichofunguliwa! Ahsante Yesu! Mama Nalini hayupo hapa, lakini naye mwombeeni.

Sisemi mtu asiende kutengenezwa. Mwingine atapona na atapendeza, na mimi nitampigia vigelegele. Ninachosema ni hiki: kama yuko mama hapa amejifunga kitu chini ya nguo yake, amekaa kimya, anaogopa, mkabidhi Mungu ukweli wako wote. Usingoje upone ndipo uje. Kesho nimeomba ruhusa dukani. Nitakaa pale mlangoni pa kanisa asubuhi, nikusubiri, twende hospitali pamoja.

Na leo baada ya ibada mkinikumbatia, nikumbatieni kwa nguvu. Sitauma meno.