Shingo Zilizogeuka Jumapili Ile

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi. Naanza na kosa langu, kwa sababu nyote mnalijua na baadhi yenu mmekaa mkilisubiri: nilichukua siri ya mtu, nikaisimulia hapa kanisani, kwenye kipaza sauti hiki hiki.

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne tu. Nimesomea unasihi, kazi ya kumsikiliza mtu aliyeelemewa na mawazo mpaka apate pa kushika. Mengine tulifundishwa juu juu, nikajifundisha mwenyewe kwa simu na daftari, nikirudia kila sentensi mpaka inyooke. Ndivyo nilivyo. Nikiona mkunjo mmoja kwenye shati, napiga pasi upya shati zima. Basi mliponiomba niseme neno juu ya huzuni, niliandaa wiki nzima, nikaona hotuba inakosa mfano. Mfano nilikuwa nao. Mama mmoja alikuwa ameniamini, wa kwanza kabisa kuniamini, akanisimulia msiba wake huku nikiandika daftarini.

Sikutaja jina. Chuoni walisema usitaje jina, nami nikatii kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilitaja kazi yake tu, na nyumba yake iko upande gani, na msiba wenyewe. Kabla sijamaliza, shingo zote zikageukia benchi moja.

Ndugu zangu, nawaambia na mnivumilie: kosa lilikuwa langu, lakini shingo zilikuwa zenu. Hakuna aliyewalazimisha. Na hamkuishia hapo. Wiki ile ile, kwenye foleni ya maji, watu wazima walimwita mama yule jina ambalo sitalirudia. Akaacha kuja hapa.

Na mimi mlinipa langu. Nikipita kijiwe cha bodaboda, kijana mmoja anawaambia wenzake, "Nyamazeni, spika inapita. Ukikohoa leo, Jumapili utasikika." Wanacheka mpaka nakata kona. Zahanati nilikokuwa najitolea, msimamizi aliniita, akaongea dakika moja. "Mdogo wangu, kuanzia leo hukai na mgonjwa, mpaka huyo mama mwenyewe aje aniambie vinginevyo."

Nikajifungia chumbani. Chakula hakishuki. Kwenye daftari nilikuwa na orodha ya dalili za mtu aliyeelemewa. Nikajikuta naziwekea tiki moja moja, mgonjwa ni mimi. Mama yangu alikuwa akileta uji, anakuta wa jana umeganda. Siku moja hakuleta. Alisimama mlangoni akasema, "Unamlilia nani humu ndani? Aliyeumizwa yuko kule, anapiga alizeti zake peke yake."

Nikaandika barua ya kuomba radhi. Kurasa mbili, nimezinakili mara tano ili pasiwe na mstari uliofutwa. Nikaenda kwa mama yule, nikamwamkia, nikaanza kumsomea. Hakuitikia shikamoo. Akanikatisha.

"Hiyo umeniandikia mimi au mwalimu wako?"

Nikafungua ukurasa wa pili.

"Weka chini. Chukua fimbo, piga alizeti. Na usiniulize najisikiaje."

Msianze kutazamana. Alizeti nani hapa hapigi?

Siku tatu nilipiga vichwa vya alizeti kwenye turubai. Napiga vibaya, mbegu zinarukia mchangani, ananikaripia. Siku ya pili jirani akachungulia. "Huyo spika anatafuta nini kwako?"

"Anajifunza kunyamaza," akajibu. "Ni mzito, lakini anajifunza."

Siku ya tatu, bila kuinua uso, akaanza kuongea. Aliongea mpaka vichwa vyote vikaisha. Nilipiga tu, polepole, ili nimsikie. Alichosema hamtakijua.

Tulipomaliza kupepeta, aliniambia, "Kesho uje, kuna magunia ya kushona." Ile shikamoo ambayo hakuiitikia, nikajiitikia mwenyewe kimoyomoyo: marahaba. Wiki iliyofuata alikwenda zahanati kwa miguu yake. Msimamizi alinieleza maneno yake: "Mrudishieni kiti chake. Ila daftari mnyang'anyeni."

Namshukuru msimamizi aliyenifukuza na aliyenirudisha, maana ni yule yule. Namshukuru mama yangu kwa uji ambao hakuleta. Mama yule simshukuru hapa, nimeshamshukuru kwake. Kama leo yupo au hayupo, msimtafute.

Funzo ninalowaachia ni hili: kuficha jina si kumficha mtu. Na unayesikiliza, ichunge shingo yako.

Karatasi hii ya leo nilimsomea mama yule juzi. Alifuta mistari miwili, nami leo sijaisoma. Zamani nilisema kwanza, nikaomba radhi baadaye. Sasa naomba ruhusa kwanza. Wengi wananikatalia, na wakikataa nakaa kimya.