Aya Iliyopitwa Kimya: Maisha ya Barnabas Ochola Radier

Wachungaji wetu, majirani wa Karungu, wakwe zetu mliofunga safari kutoka Kegonga, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imemtuma Nicanor, binamu wa marehemu, awasomee maisha ya Barnabas Ochola Radier, na kwa kuwa Barnabas mwenyewe ndiye aliyekuwa msomaji wetu katika kila mazishi ya boma hili, mtatuvumilia tukisoma vibaya.

Barnabas alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Karungu, kitinda mimba wa marehemu Mzee Radier na marehemu Mama Damaris, na wazazi walipomtoka mapema alilelewa na nyanya yake, Jerusha, aliyeanika omena, dagaa wa ziwa letu, kwa riziki na kuwachemshia wenye vikohozi magome ya mti, na ambaye hakukubali akose shule kwa sababu yoyote. Alisoma msingi hapa Karungu, akaingia shule ya bweni Homa Bay mwaka 1994, kisha akasomea ufamasia Nairobi na kuhitimu mwaka 2004, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara ya kifua kikuu Homa Bay, ambako alikaa mpaka mapafu yake yalipokataa.

Mwaka 2007 alimwoa Mellen, binti wa Mzee Mwikwabe wa Kegonga, baada ya mazungumzo marefu ya ng'ombe ambayo wakwe zetu wanajua vizuri nani aliibuka mshindi, na Mungu akawajalia Lynnet mwaka 2009 na Elvis mwaka 2013. Alikuwa baba wa mzaha mwingi, mpishi mbaya wa samaki, na mtu asiyeweza kuficha jambo jema hata ungemfunga mdomo.

Mwaka 2011 Jerusha aliugua kifua kikuu, akawa anameza dawa za kliniki na kunywa magome yake kwa siri, akapona haraka kuliko ilivyotarajiwa, na Barnabas, badala ya kumgombeza, akaenda kuyachunguza magome hayo maabara. Kidudu sugu cha ugonjwa huu, alivyozoea kutueleza, huitema dawa nje kama mvuvi anayechota maji kutoka mtumbwi unaovuja, na kiini alichokitoa kwenye magome kilimnyang'anya mvuvi huyo kopo lake, dawa ikabaki ndani na kufanya kazi. Hayo aliyaona kwenye vioo vya maabara tu, hakuna mgonjwa aliyewahi kutibiwa hivyo, kwa hiyo tunawasihi msitoke hapa kwenda kubandua magome, mezeni dawa zenu za kliniki mpaka mwisho. Ili mchanganyiko huo ujaribiwe kwa watu ilihitajika kampuni ya kugharamia, na kampuni haikuwa tayari kuugusa bila hataza, ile haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi.

Agosti 2018 Jerusha alifariki, na Barnabas akasimama hapa hapa kwenye kipaza sauti, akasoma maisha ya nyanya yake, akautaja mti, akaitaja dawa inayochanganywa nao, akaeleza kila kitu, tukapiga makofi, na vijana wakaiweka video mtandaoni kwa ajili ya jamaa walio mbali. Nani kati yetu angemsoma Jerusha na kuliacha hilo? Alipowasilisha ombi lake Novemba 2020 aliambiwa kwanza kwamba mti unajulikana na dawa inajulikana, na kuviweka pamoja si uvumbuzi, akathibitisha kwamba kila kimoja peke yake kilishindwa na kwa pamoja vilifanya kile ambacho hakuna mtaalamu aliyekitarajia, wakakubali, halafu ikatokea ile video. Sheria humsamehe mvumbuzi aliyetangulia kusema hadharani kwa mwaka mmoja tu, naye alikuwa amepitisha miwili akisubiri majibu ya mwisho ya maabara, basi Mei 2023 ombi likakataliwa, kampuni ikajitoa, na uvumbuzi ukahesabiwa kuwa si mpya tena, na aliyeuzeesha ni yeye mwenyewe, kwa kumsifu nyanya yake.

Juni 2024 Barnabas alipatikana na kifua kikuu, na kilikuwa kile kile sugu alichokuwa akipigana nacho. Matibabu yalimchosha na kumwacha mifupa mitupu, na Mellen, alipoona mumewe anaisha, alipiga magoti kando ya kitanda akamsihi ameze ule mchanganyiko wake, wakakosana kwa ajili hiyo, na jibu alilompa, Mellen mwenyewe ametuomba tulisome kama mumewe alivyolisema: "Mama Lynnet, hiyo dawa bado haijapimwa kwa mtu. Nikiimeza nikufe, watasema ndiyo iliniua, na hakuna mtu ataigusa tena." Alifariki tarehe 9 Oktoba 2025, saa kumi jioni, Homa Bay, Mellen akiwa amemshika, na hata sisi tunajiuliza kama angepona lau angeimeza.

Sasa tulipaswa kuwasomea kazi yake ya miaka miwili ya mwisho, aliyoianza baada ya kukataliwa na kuiendeleza hata kitandani, kazi aliyojivunia kuliko zote, lakini ombi lake jipya la hataza halijawasilishwa bado, Joyline wa maabara anamalizia majaribio, na wodi ile aliyofia imejaa watu wanaosubiri. Tuliiandika aya hiyo. Mellen, ambaye angetamani kuliko mtu yeyote mumewe asifiwe leo, amekataza isisomwe, na tunawaomba mnyamaze pamoja nasi kwa muda ambao ingechukua kuisoma.

Asanteni. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, majirani mliotuletea kuni na maji, na wakwe zetu wa Kegonga, na kwa yeyote aliyerekodi leo, peleka mtandaoni upendavyo, hakuna wa kuzuia. Pumzika, Barnabas. Safari hii hatujasema kitu.