Mama Hakuwa Muhoroni

Ndugu waombolezaji, mimi ni Fabian Ondiek, kifungua mimba wa marehemu, na historia iliyo kwenye karatasi mlizoshika niliiandika mimi, hivyo nikifika penye uongo nitausahihisha mwenyewe.

Mama yetu, Seline Achola Ondiek, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Muhoroni, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oluoch, mkata miwa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi darasa la saba mwaka 1970, akaachia hapo ili wadogo zake wasome. Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na Mzee Absalom Ondiek, mvuvi wa hapa Asembo Bay, aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu. Tangu 1983 aliuza samaki katika soko la Kondele, akisimama kwenye meza yake asubuhi hadi jioni kwa miaka thelathini na minane, na kusimama huko ndiko kulikotusomesha, ndiko pia kulikoharibu mishipa ya miguu yake.

Karatasi inasema aliugua kwa muda mfupi. Si kweli. Mei 2021 alikwaruzwa na kreti la samaki juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, mkwaruzo ukawa kidonda, kikatoa maji na harufu kwa miaka, nasi tukamtengea sahani yake na kiti chake kwenye veranda, ingawa ugonjwa huo hauambukizi. Mapema 2024 alianza kwenda kliniki ya mtaa kila Jumatano, ambako muuguzi Debra Naswa alikiosha na kumfunga bandeji ya kubana, kutoka vidoleni hadi chini ya goti, na kufikia Oktoba kilibaki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Wakati huo wakwe wa binti yangu Celestine walikuwa wanajiandaa kuleta mahari, nami nikaogopa wakisikia habari za kidonda kisichopona watasema nyumba yetu ina chira, laana ya mwiko uliovunjwa, nikamkataza Mama kliniki mpaka wageni waje na kuondoka. Ijumaa tarehe 22 Novemba muuguzi alikuja kumtafuta, nikamwambia langoni kwamba Mama amesafiri kwao Muhoroni, naye Mama alikuwa nyuma ya mlango akisikia kila neno. Hakunisuta. Nilipoingia aliniuliza tu kama huko Muhoroni mvua imenyesha, akaenda kujifunga mguu kwa kipande cha leso. Tarehe 7 Desemba wageni walikuja, kiti cha bibi kikakaliwa na shangazi, na Mama akasikiliza shughuli ya mjukuu wake akiwa jikoni.

Kidonda kilifumuka upya, nami nikaona aibu kurudi kwa muuguzi niliyemdanganya. Tarehe 19 Februari 2025 tulimkimbiza hospitalini akiwa na homa kali, na tarehe 23 akafariki, sumu ikiwa imeenea katika damu, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Tunawashukuru madaktari waliompokea tulipochelewa, wauza samaki wenzake wa Kondele, jirani yetu Mama Subira aliyemwosha mguu bila kutuambia, na muuguzi Debra, ambaye amekuja leo ingawa sikuthubutu kumwalika. Na wewe uliyemficha mzazi wako nyuma ya mlango, kliniki ni Jumatano.

Mama, hukusafiri. Leo uko mbele ya watu wote, na mimi ndiye natamani kujificha. Nisamehe, upumzike kwa amani.