Mwalimu Rael Nyaboke na Sukari ya Mbita

Familia ya Mzee Kerosi na ya Bwana Wesley Osoro zinawashukuru nyote mliofika hapa Rongo leo, Jumanne tarehe 13 Januari 1998, wengine mkitembea kutwa nzima kwa ubovu wa barabara, kumsindikiza Mwalimu Rael Nyaboke.

Rael alizaliwa hapa nyumbani tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Kerosi na marehemu Mama Teresa Moraa. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1978, akaenda chuo cha ualimu, na kuanzia 1981 akafundisha uchumi na biashara, kwanza hapa Rongo, kisha katika shule ya kutwa kule Mbita.

Wanafunzi wake wanakumbuka siku alipoingia darasani na andazi moja, akawauliza wanafunzi arobaini: apewe nani? Mwenye pesa? Mwenye njaa? Aliyefika mapema? Walibishana hadi kengele ikalia. Japheth, aliyekuwa kiranja, akamwuliza, "Sasa mwalimu, jibu ni lipi?" Akacheka. "Silijui. Ndiyo maana nimewaletea."

Tarehe 16 Desemba 1984 alifunga ndoa na Bwana Osoro katika kanisa la Waadventista. Wakafungua duka Mbita, na Mungu akawajalia Levis, Teresa na Mourine.

Sehemu inayofuata sisi jamaa tulitaka kuiacha. Bwana Osoro akasema isomwe yote.

Desemba iliyopita mvua ilizoa daraja, barabara ya kutoka Homa Bay ikakatika. Gugumaji la ziwani nalo likaziba gati, mashua zisiweze kushusha mizigo. Kipindupindu kikaingia Mbita. Dukani kwao, sukari ikauzwa mara tatu ya bei ya kawaida. Ijumaa tarehe 19, Jerusha, mama anayekausha samaki, alikuja kutafuta sukari na chumvi za kumchanganyia maji mwanawe aliyekuwa akihara. Aliuliza bei, akafungua leso, akaifunga tena, akaondoka. Rael alikuwa kwenye kaunta kando ya mumewe. Alimwacha aende. Miaka yote alifundisha kwamba bei ikipanda huvuta bidhaa zije, na siku ile bado aliamini hivyo. Kesho yake, wakitoka kanisani, wakaambiwa mtoto amefariki.

Walipofika nyumbani Rael hakuketi.

"Baba Levis, bei inapanda ili mali ije. Hii yetu inamwita nani, na daraja halipo?"

"Nikiuza kwa bei ya zamani, atakayewahi atabeba gunia zima akaliweke kwake. Jerusha angekosa vilevile."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na Rael alilijua. Kisha akasema, "Basi tusiuze. Tuwapimie wagonjwa."

"Na barabara ikifunguka nitanunua mzigo na nini? Watoto hawa watakula nini?"

"Sijui. Lakini bei yetu imeshachagua wa kukosa, na mimi nilikuwa nimesimama pale."

Jumatatu asubuhi ndipo Osoro alipompa ufunguo wa stoo, bila kumtazama. Katika siku hizo mbili Mbita ilizika watu wanne.

Rael alianza kwenda nyumba kwa nyumba: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa kila lita ya maji yaliyochemshwa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Jerusha, aliyekuwa na mtoto mwingine mgonjwa. Jerusha alisimama mlangoni. "Mwalimu, umechelewa."

"Najua, mama."

Jerusha alipokea sukari, akafunga mlango. Mtoto huyo wa pili alipona.

Ijumaa tarehe 9 Januari, Rael mwenyewe alianza kuhara na kutapika. Kila alichokunywa hakikukaa. Osoro alimsukuma kwa wilibaro hadi kituo cha afya, ambako ilibaki chupa moja tu ya maji ya kutundikiwa mgonjwa mshipani. Pembeni alilala fundi wa mashua, mzee asiyejulikana kwao. Osoro akatoa noti zote alizokuwa nazo. Muuguzi Emmaculate akasema chupa ni ya yule ambaye mapigo yake hayapatikani tena, na huyo ni mzee. Osoro akaendelea kunyoosha mkono.

"Rudisha mfukoni, Baba Levis," Rael akamwambia. Alikuwa akiogopa; Osoro anasema alimshika shati na hakuliachilia.

Mzee yule alitundikiwa chupa. Rael alifariki Jumamosi tarehe 10, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka thelathini na tisa. Mzee naye alifariki adhuhuri. Osoro anauliza kama walikosea kumwachia mzee chupa ile.

Rael ameacha baba yake, Mzee Kerosi. Mumewe, Wesley Osoro. Kaka yake, Masese. Dada yake mkubwa. Na watoto watatu: Levis, Teresa, na Mourine wa miaka minne, ambaye tangu Jumamosi anamwekea mama yake chakula kwenye sahani. Mungu amlaze Rael pema, na atupe sisi maneno ya kumwambia mtoto huyu.